Mtoto alikula nini? Vinasaba vya kimelea vinavyosaidia kupata jibu

Saa 1 asubuhi, mama mmoja mkazi wa Buzuruga, jijini Mwanza, alifika kituo cha afya akiwa amembeba mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alikuwa ameharisha usiku kucha. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka.

"Mama, mtoto alikula nini jana?" muuguzi aliuliza huku akikoroga ORS kwenye jagi.

Mama akaanza kuhesabu. Asubuhi uji. Mchana wali na dagaa. Jioni, waliposhuka kwenye daladala pale stendi, alimnunulia kipande cha samaki wa kukaanga. Kwa jirani alipewa juisi ya kwenye kifuko. Halafu kulikuwa na maji ya ndoo, ambayo siku hiyo hayakuchemshwa kwa sababu mkaa ulikuwa umeisha.

"Sasa sista, ni kipi kati ya hivyo?" mama akauliza.

Muuguzi hakuwa na jibu. Mtoto alinyweshwa ORS, akapewa zinki, na kufikia jioni alikuwa ameanza kucheza. Mama alirudi nyumbani na furaha ya kumwona mwanawe mzima, lakini na ile hofu pia: kesho ampe nini na amnyime nini?

Wazazi wengi wameshaulizwa swali hilo na wengi hujibu kwa kukisia. Anayelaumiwa mara nyingi ni mama lishe wa mwisho, au samaki wa mwisho, hata kama hana kosa. Na si wazazi tu wanaokisia. Kwa miaka mingi hata mamlaka za usalama wa chakula zimekuwa zikifanya hivyo, na makisio ya serikali yanapokosea, wanaoumia ni wengi zaidi.

Siku hizi ipo njia ya kupunguza kukisia. Inaitwa usomaji wa jenomu, yaani kusoma vinasaba vyote vya kimelea tangu mwanzo hadi mwisho. Mzazi hahitaji kuwa mwanasayansi ili aielewe, na zipo sababu za yeye kutaka kuielewa.

Kutoka "anatoka Mwanza" hadi nyumba yenyewe

Kila kiumbe hai, akiwamo bakteria asiyeonekana kwa macho, amebeba maelekezo ya maisha yake katika vinasaba. Maelekezo hayo wataalamu huyaandika kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Bakteria wa kipindupindu ana herufi takribani milioni 4. Listeria, bakteria anayeweza kukaa kwenye vyakula vya kusindika, ana takribani milioni 3.

Bakteria anapozaliana, hunakili herufi zake zote. Mara chache hukosea herufi moja, na kosa hilo hurithiwa na watoto na wajukuu wake. Kwa hiyo bakteria wawili wanaotofautiana herufi chache tu ni ndugu wa karibu, na wanaotofautiana herufi nyingi waliachana zamani.

Vipimo vya kawaida vya maabara hutaja jina la kimelea: hiki ni kipindupindu, hiki ni salmonela. Ni sawa na kuambiwa kwamba mtu fulani anatoka Mwanza. Ni kweli, lakini utampataje? Usomaji wa jenomu unaweza kukusogeza hadi Buzuruga, mtaa fulani, nyumba fulani. Kimelea kilichotoka kwenye kinyesi cha mtoto kinalinganishwa na kilichotoka kwenye chakula au kwenye sakafu ya kiwanda. Herufi zikikaribia kufanana kabisa, mamlaka inakuwa na ushahidi mzito wa kuchukua hatua.

Watoto wa Soweto na friji ya chekechea

Mfano mkubwa kuliko yote barani Afrika ulitokea Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2017, hospitali za nchi hiyo zilianza kupokea wagonjwa wengi wa listeria kuliko kawaida. Kati ya kila wagonjwa 10, wapatao 4 walikuwa vichanga wenye umri usiozidi siku 28, ambao wengi wao huambukizwa na mama wakati wa ujauzito au kujifungua. Desemba 5, 2017 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, aliutangazia umma kwamba kuna mlipuko.

Chanzo hakikujulikana. Listeria ni mgumu kufuatilia kwa sababu mtu anaweza kuugua wiki nyingi baada ya kula chakula chenye kimelea. Mwulize mjamzito alichokula mwezi uliopita, atakumbuka nini?

Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza ya nchi hiyo (NICD) walisoma vinasaba vya bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa mikoa mbalimbali. Wakagundua kwamba asilimia 91 walikuwa wa ukoo mmoja uliopewa jina ST6. Maana yake ilikuwa nzito: watu wanaoishi mbali sana, wasiofahamiana, walikuwa wanaumwa kimelea cha ukoo mmoja. Haikuwa rahisi kuamini kwamba ni jiko chafu la mtu mmoja. Kulikuwa na chakula kinachosafirishwa nchi nzima.

Katikati ya Januari 2018, watoto 9 wa chekechea moja, wote wenye umri chini ya miaka 5, walifikishwa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, wakiwa na homa na kuharisha. Daktari wa watoto alishuku chakula. Maofisa afya wakaenda chekechea, wakafungua friji, wakakuta poloni, nyama iliyosagwa na kusindikwa mithili ya soseji nene, ambayo huliwa na mkate bila kupikwa tena. Wakaichukua kwenda maabara. Kinyesi cha mmoja wa watoto kilikuwa na listeria, na poloni ilikuwa nayo. Herufi ziliposomwa, zote zilikuwa ST6.

Hapo ndipo wachunguzi walipojua wagonge mlango upi. Katika kiwanda cha nyama za kusindika mjini Polokwane walichukua sampuli zaidi ya 300, na humo pia ST6 ikapatikana. Machi 4, 2018 waziri alikitaja chanzo hadharani na bidhaa zikaanza kuondolewa madukani, ndani ya nchi na katika nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zikizinunua. Mlipuko ulitangazwa kwisha Septemba 2018, ukiwa umegusa watu 1,060 na kuua 216. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliueleza kuwa mkubwa kuliko milipuko yote ya listeria iliyowahi kurekodiwa.

Katika habari hiyo yote kuna watu wawili wa kawaida wasiosahaulika: daktari aliyeuliza watoto walikula nini, na ofisa afya aliyefungua friji kabla chakula hakijatupwa. Bila wao, mashine ya kusoma vinasaba isingekuwa na cha kusoma.

Ziwa Victoria na herufi tatu

Mkazi wa Mwanza anaweza kusema: poloni si chakula chetu, sisi tunakula dagaa, sato na sangara. Ni kweli, na utafiti kuhusu ziwa hili upo.

Mwaka 2017, katika kipindi ambacho hakukuwa na mlipuko wa kipindupindu, watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha Copenhagen walikusanya sampuli 360 upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Walichukua samaki, maji, na vimea vidogo sana vinavyoelea majini. Walifanya hivyo wakati wa kiangazi na wakati wa mvua.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha bakteria 10 wa kipindupindu cha aina ya O1 wenye uwezo wa kutengeneza sumu inayoharisha. Vinasaba vyao viliposomwa, wengi walikuwa ndugu wa karibu wa bakteria waliowahi kuleta milipuko Tanzania, Kenya na Uganda. Baadhi walitofautiana na hao kwa herufi tatu tu, kati ya zile takribani milioni 4. Wengine walifanana zaidi na bakteria wa milipuko ya zamani.

Kwa maneno mengine, kipindupindu kinapotangazwa kuwa kimekwisha mitaani, kinaweza kuwa bado kipo majini kikisubiri.

Kuna jambo jingine ndani ya herufi hizo linalomhusu mzazi moja kwa moja. Bakteria hao walikuwa na vinasaba vya usugu dhidi ya dawa kadhaa, zikiwamo sulfamethoxazole na trimethoprim, ambazo kwa pamoja ndizo septrini. Ni dawa ile ile ambayo wazazi wengi huikimbilia duka la dawa mtoto akianza kuharisha. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 na wataalamu wa Bugando na wenzao ulikuta katika matumbo ya samaki na mazingira ya mwambao wa Mwanza bakteria wenye kinasaba kiitwacho CTX-M-15. Kinasaba hicho huwapa bakteria uwezo wa kuishinda hata ceftriaxone, sindano inayotegemewa hospitalini.

Hii haina maana kwamba samaki wa ziwa hili ni sumu. Bakteria hawa hufa kwa moto. Samaki aliyeiva vizuri mpaka kwenye mfupa, akaliwa angali moto, ni chakula bora kwa mtoto. Hatari ipo kwenye maji mabichi ya ziwa, kwenye samaki aliyeiva nusu, na kwenye samaki aliyeiva vizuri halafu akawekwa juu ya ubao uliotumika kupara wabichi.

Mwaka ziwa zima lilipofungiwa

Kwa nini basi mamlaka isitangaze tu kwamba kimelea kimeonekana ziwani na kufunga biashara? Watu wazima wa Mwanza wanakumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, kipindupindu kilipokuwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Zuio lilidumu hadi katikati ya mwaka huo. WHO haikuliunga mkono. Msimamo wake ulikuwa kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri na chakula cha biashara ya kimataifa ni ndogo. Lakini sangara wa Mwanza alikuwa ameshakosa soko. Viwanda vya minofu vilipopunguza kazi, pigo lilifika kwa mvuvi, kwa mpakuaji wa mwaloni, kwa binti aliyekuwa akikata minofu kwa zamu, hadi kwa mama aliyeishi kwa kuuza mapanki.

Wakati huo hakukuwa na njia nyepesi ya kusema, "Tatizo ni mwalo huu, si ule," au "Bakteria wa kwenye minofu hii si ndugu wa aliyeua watu kule." Adhabu ilishuka kwa ziwa zima. Usomaji wa jenomu, ukitumika vizuri, unaweza kuwezesha kufunga mlango mmoja na kuacha mingine wazi.

Ukitumika vibaya, unaweza kuleta hofu mpya. Nchi ikichapisha herufi za kimelea chake na kesho yake ikafungiwa soko, mara nyingine itanyamaza. Nchi ikinyamaza, wanaobaki gizani ni wazazi wake yenyewe. Ndiyo maana mjadala wa data hizi si wa maabara tu. Unahusu pia nani anaziona, na atazitumia kufanya nini.

Sheria zinakwenda wapi

Marekani ilianza mtandao wake wa kukusanya jenomu za vimelea vya chakula, GenomeTrakr, mwaka 2012. Mwaka 2023 WHO ilitoa mwongozo wa kuzisaidia nchi kutumia usomaji wa jenomu katika kufuatilia magonjwa yatokanayo na chakula. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2025, ya kuanza kutumika Agosti 2026, inayozitaka nchi wanachama kusoma na kuwasilisha jenomu za vimelea wakuu wa chakula, wakiwamo salmonela na listeria, panapokuwa na uchunguzi wa mlipuko. Ni soko lile lile linalonunua minofu ya Mwanza. Kwa upande wa Afrika, Africa CDC ilizindua mpango wa jenomu za vimelea Oktoba 2020, na mashine nyingi zilizoletwa wakati wa UVIKO-19 zinaweza kusoma bakteria wa chakula pia.

Hapa nchini, kazi imegawanyika. Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula kwa ujumla uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Ubora wa samaki uko chini ya sekta ya uvuvi, ambayo ina maabara yake Nyegezi, hapa hapa Mwanza. Mgonjwa na kinyesi chake wako chini ya Wizara ya Afya.

Mgawanyo huo unaeleweka, lakini una gharama yake. Herufi za kimelea cha mtoto, zikiwa peke yake, hazisemi alikula nini. Husema pale tu zinapowekwa pembeni ya herufi za kimelea cha samaki, cha juisi, au cha kisima. Zile za mtoto zikikaa kwenye kompyuta ya ofisi moja na zile za samaki kwenye kompyuta ya ofisi nyingine, ndugu wawili hawatakutana. Kwa mzazi wa Buzuruga, swali la kuiuliza serikali si kama ina mashine tu. Ni kama ofisi hizo tatu zinaonyeshana zilichokiona, na kwa haraka kiasi gani.

Kitu ambacho herufi haziwezi kusema

Herufi kufanana si hukumu. Bakteria wa ziwani akifanana na wa mgonjwa, inawezekana ziwa lilimwambukiza mtu. Inawezekana pia choo cha mtu ndicho kilichochafua ziwa. Herufi zinasema ni ndugu, hazisemi nani alimpa nani. Kwa hilo zinahitajika tarehe, mahojiano, na ofisa afya wa kutembea kwa miguu mtaa kwa mtaa.

Na kusoma vinasaba hakumponyi mtoto. Mtoto anayeharisha anahitaji maji mwilini sasa hivi, wakati majibu ya jenomu yanaweza kuchukua siku au wiki.

Sehemu ya mzazi

Mzazi hana mashine, lakini mnyororo wote huanzia kwake. Wataalamu wa afya husisitiza mambo haya:

Kwanza, matibabu kabla ya yote. Mtoto akianza kuharisha mpe ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umwahishe kituo cha afya. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, au mtoto akilegea, asipokojoa, au macho yakiingia ndani, usisubiri kupambazuke.

Pili, usianze septrini wala antibiotiki nyingine kwa kujiamulia. Huenda isifanye kazi, na inaweza kuwazuia maabara kumpata kimelea. Ikiwa mtoto ameshapewa dawa, mweleze muuguzi ukweli. Hakuna aibu katika hilo.

Tatu, mhudumu akiomba sampuli ya kinyesi, mpe. Wazazi wengi huona ni usumbufu kwa kuwa mtoto ameshapata nafuu. Sampuli hiyo ndiyo inayoweza kumwokoa mtoto wa jirani.

Nne, kumbuka kwa kuandika. Kipindupindu huonekana kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa. Andika kwenye simu alichokula na kunywa mtoto siku hizo zote, wapi, na nani mwingine alikula naye. Chakula kilichobaki usikirudishe sufuriani wala usikitupe haraka. Kifunge, kiweke mbali na watoto, umwambie ofisa afya. Kama ni cha pakiti, tunza pakiti yenye namba ya toleo na tarehe.

Tano, moto haubagui. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Pika samaki na dagaa mpaka waive kabisa, na chakula kilicholala kipashe mpaka kitoe moshi. Soseji na nyama za kusindika zipashwe moto kwanza, hasa kwa mjamzito na mtoto mdogo, kwa kuwa listeria huendelea kuongezeka hata ndani ya friji. Osha mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kulisha.

Yule mama wa Buzuruga hakuombwa sampuli siku ile, na huenda asijue kamwe kama ilikuwa juisi, samaki au maji ya ndoo. Alipopita tena stendi jioni, muuza samaki alimwita: "Mama, leo humchukulii mtoto?" Akasita. Kisha akasema, "Nichukulie, ila mrudishe kwenye mafuta kwanza, baba. Aive mbele yangu."

Muuzaji akacheka, akamrudisha kwenye mafuta.